Jasi ya meno

Jasi ya meno ni unga unaochanganywa na maji ili kutengeneza sanamu ya meno na ufizi wa mgonjwa. Juu ya sanamu hiyo fundi hutengeneza meno ya bandia. Hutumika katika kliniki za meno duniani kote.

Asili
Jasi ni madini ya salfati ya kalisi yenye maji ndani ya fuwele zake (CaSO₄·2H₂O). Nchini Tanzania huchimbwa Makanya (wilaya ya Same), Kilwa na kwingineko, na hutumika sana katika viwanda vya saruji. Ikipashwa joto la takriban 120–150 °C hupoteza robo tatu ya maji hayo na kuwa plasta.

Kuganda
Plasta haigandi kwa kukauka, bali kwa mmenyuko wa kikemia: inarudishiwa maji yake na kuwa jasi tena. Kwanza unga huyeyuka kiasi. Kwa kuwa jasi huyeyuka kidogo kuliko plasta, fuwele mpya zenye umbo la sindano hujitokeza, hukua na kusukana. Kusukana huko ndiko kunakoleta ugumu. Wakati huo mchanganyiko hutoa joto na kutanuka kidogo.

Kiasi cha maji
Gramu 100 za plasta huhitaji mililita 18.6 tu za maji kwa mmenyuko wenyewe. Hata hivyo, ili ikorogeke, plasta ya kawaida huwekewa mililita 45–50, na jasi ngumu, yenye chembe zilizoshikamana zaidi, mililita 28–30. Maji ya ziada huvukiza na kuacha vitundu. Kwa hiyo sanamu yenye maji mengi ni dhaifu.

Mambo yanayoathiri
Chumvi kidogo huharakisha kuganda. Boraksi, damu na mate hukuchelewesha. Unga ulioachwa wazi hufyonza unyevu wa hewa. Mwanzoni huganda haraka mno, baadaye huganda polepole na kuwa dhaifu. Kwa sababu hiyo, katika maeneo yenye unyevu kama mwambao wa Ziwa Viktoria, hasa wakati wa mvua, unga huhifadhiwa katika chombo kilichofungwa vizuri.

Sanamu ikiharibika, meno ya bandia hayakai sawasawa kinywani. Mgonjwa aliyevuka ziwa kutoka Ukerewe kuja Mwanza hulazimika kurudi na kuchukuliwa vipimo upya.