Timu ni ya Nani?

Mwaka 2009 wapenzi wa michezo wa nchi yetu walipata habari ya kufurahisha. Kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, mwenye kimo cha zaidi ya mita 2.2, alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu ya Marekani. Mtanzania mwingine hakuwa amepata kufika huko kabla yake. Timu iliyomchukua ilikuwa Memphis Grizzlies, ya jimbo la Tennessee.

Huenda ni wachache waliojiuliza jina hilo limetoka wapi. Grizzly ni dubu mkubwa wa milima ya magharibi ya Kanada na Marekani. Memphis ni mji wa kando ya mto Mississippi, na dubu huyo hayuko huko. Jina lilifika pamoja na timu, kama mhamaji anavyofika ugenini na jina la kwao. Habari za kuhama huko zina funzo, nasi leo tunapenda kuzieleza.

Mwaka 1994 ligi ya NBA iliukubalia mji wa Vancouver, katika pwani ya magharibi ya Kanada, kuwa na timu mpya. Ada ya kuingia ilikuwa dola milioni 125 za Marekani. Mji wa Toronto ulikuwa umekwisha kupata kibali kama hicho, na timu zote mbili zikaanza kucheza mwaka 1995. Mwenye shughuli hiyo huko Vancouver alikuwa Arthur Griffiths, mtu wa mji huo huo, ambaye pia alijenga ukumbi mpya kwa fedha za binafsi.

Timu mpya haianzi sawa na wenzake. Kila timu ya zamani iliruhusiwa kuwazuia wachezaji wake 8. Wageni wakachagua katika waliobaki. Tena ilikubaliwa kwamba kwa miaka ya mwanzo timu hizo mbili hazitapewa nafasi ya kwanza katika uteuzi wa chipukizi, hata zikiwa za mwisho kabisa. Kwa maneno mengine, mgeni alilipa ada kamili akakalishwa mkekani ukingoni.

Mwanzo, hata hivyo, ulikuwa wa furaha. Novemba 1995 Grizzlies walishinda michezo yao miwili ya kwanza, ule wa ugenini Portland na ule wa nyumbani dhidi ya Minnesota, uliokwenda hadi muda wa nyongeza. Kisha wakafungwa mara 19 mfululizo. Baadaye katika msimu huo huo wakafungwa tena mara 23 bila kupumua. Walimaliza na ushindi 15 katika michezo 82. Pamoja na hayo, watu zaidi ya 17,000 kwa wastani walihudhuria kila mchezo wa nyumbani. Hapana shaka kwamba wananchi wale waliipenda timu yao.

Lakini kupenda si kumiliki. Gharama zilimzidi Griffiths, na mamlaka ya timu yakaingia mikononi mwa John McCaw, tajiri wa Seattle. Mapato yalipatikana kwa dola ya Kanada na mishahara ililipwa kwa dola ya Marekani, na kufikia mwaka 1998 dola ya Kanada ilikuwa haifiki senti 70 za Marekani. Mwaka 1999 mchezaji Steve Francis, aliyechaguliwa wa pili, alikataa kwenda kuchezea Vancouver, na ikabidi apelekwe Houston. Mwaka 2000 timu ikauzwa tena, mara hii kwa Michael Heisley wa Chicago. Kila mauzo yaliusogeza uamuzi mbali zaidi na mji wenyewe.

Heisley alisema nia yake ni kuibakiza timu Vancouver. Wahenga walinena: ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Haukupita muda mrefu akaomba ruhusa ya kuhama, na mwaka 2001 timu ikaenda Memphis. Kwa misimu 6 watu wa Vancouver walikuwa wameshuhudia ushindi 101 na kushindwa mara 359. Walivumilia yote hayo. Na matunda yalipoanza kuiva, yaliiva kwenye shamba la wengine. Mwaka 2004 Grizzlies waliingia michezo ya mtoano kwa mara ya kwanza, na mwaka 2013 wakafika fainali ya kanda ya Magharibi.

Memphis nayo haikupewa bure. Ilijengwa kumbi ya dola milioni 250 kwa fedha zilizokopwa na mamlaka za umma, na mkataba ukawekwa kuwa mamlaka hizo hazitafadhili ukumbi mwingine wa kushindana na huo. Mkataba ulioifunga timu uliufunga na mji pia.

Itasemwa kwamba timu iliondoka kwa sababu ilikuwa ikifungwa. Hatukubaliani. Toronto ilizaliwa siku zile zile, ikalipa ada ile ile, ikabanwa na masharti yale yale na dola ile ile dhaifu. Nayo pia ilifungwa sana. Lakini mwaka 1998 timu hiyo iliingia mikononi mwa kampuni ya hapo hapo mjini, yenye timu ya siku nyingi ya hoki ya barafu. Ilibaki, ikavumiliwa, na mwaka 2019 ikawa bingwa wa ligi nzima.

Sisi Visiwani tumezoea klabu zinazozaliwa barazani na kulelewa kwa michango ya wanachama. Umaskini wake tunaujua. Siku atakapokuja mwenye fedha, hatushauri afukuzwe mlangoni. Mchezo wa leo hauendeshwi kwa makofi matupu. Ila wakubwa wanaohusika hawana budi kuuliza mapema: jina litabaki kuwa mali ya nani? Akitaka kuuza, nani ataulizwa kwanza? Akitaka kuhama, ni karatasi gani itakayomzuia? Mali bila daftari huisha bila habari.

Hata Thabeet wetu alihamishwa. Februari 2011 Memphis ilimpeleka Houston, na waliokuwa wakiishangilia Grizzlies kwa ajili yake wakabaki na jina la dubu tu. Vancouver walibaki na ukumbi. Mashabiki wa huko nao waliuliza timu ni ya nani, ila waliuliza mizigo ikiwa imekwisha kufungwa.