Magnamu Fupi na Magnamu Ndefu: Ubishi wa Milimita Chache

Kila wakutanapo watu ambao kazi yao au starehe yao ni bunduki ya kuwindia, haukosi kuzuka ubishi juu ya urefu wa risasi. Wa upande mmoja husifu magnamu za zamani, zenye ganda refu. Wa upande wa pili husifu magnamu fupi zilizotoka Marekani mwanzoni mwa karne hii, zenye ganda nene lililokatwa kimo. Sisi tusiowinda kwa starehe twaweza kudhani kwamba huu ni ubishi wa watu wenye fedha na wasaa. Lakini katika nchi zetu za Afrika Mashariki wapo askari wa wanyamapori ambao hutumwa kwenye shamba la mahindi lililoingiliwa na tembo, au katika kichaka alimojificha nyati aliyejeruhiwa, na kwa watu wa kazi hiyo milimita chache za ganda la shaba zimewahi kuwa jambo la kufa na kupona. Ndiyo maana tumeona yafaa tulieleze jambo hili tangu mwanzo wake.

Risasi nzima ina sehemu nne: ganda, fataki iliyo kitakoni mwa ganda, baruti iliyomo ndani, na kichwa kile kinachoruka. Neno magnamu ni la Kilatini na maana yake ni kubwa; mafundi wa bunduki wa Uingereza waliliazima katika karne ya 19 kutoka kwa wauza mvinyo, ambao walikuwa wakiiita chupa kubwa ya shampeni kwa jina hilo. Basi magnamu ni risasi ambayo ganda lake limepewa nafasi ya baruti nyingi kuliko desturi ya kipenyo chake.

Mama wa risasi hizi, kwa jinsi tunavyoona sisi, ni ile ya .375 iliyotolewa mwaka 1912 na kampuni ya Holland & Holland ya London. Tarakimu hiyo ni kipenyo kwa inchi, yaani kama milimita 9.5. Ganda lake lina urefu wa milimita 72, na risasi nzima hufikia milimita 91. Wengi huuliza kwa nini lilifanywa refu hivyo, tena limechongoka taratibu kama pembe tangu kitakoni hadi shingoni. Jibu limo katika baruti ya wakati ule. Waingereza walikuwa wakitumia kodaiti, ambayo haikuwa chenga bali nyuzi ndefu zilizopangwa ndani ya ganda kama vijiti vya ufagio, nazo zilihitaji ganda refu. Tena kodaiti ilikuwa na tabia ya kuongeza nguvu yake katika joto kali. Risasi iliyopimwa vizuri katika baridi ya Uingereza ingeweza, katika jua la Afrika au la Bara Hindi, kusukuma kwa nguvu nyingi hata ganda likang'ang'ania ndani ya bunduki. Mwindaji ambaye ganda lake limekwama na simba yu mbele yake hahitaji kuelezwa ubaya wa jambo hilo. Ganda lililochongoka huachia upesi, likatoka bila kushindana na mkono.

Lakini ganda la umbo hilo lina bega dogo mno, na bega ndilo ambalo kwa risasi nyingi huizuia isiingie ndani kupita kiasi. Ndipo mafundi wakalivisha ganda mkanda mnene wa shaba karibu na kitako, ili mkanda huo uwe ndio kizuizi. Msomaji aukumbuke mkanda huu, maana ulikuja kuigwa hata na magnamu zilizokuwa na bega imara, zisizokuwa na haja nao hata kidogo, kwa sababu tu wanunuzi walikwisha kuzoea kwamba magnamu ni risasi yenye mkanda.

Shida ya .375 ilikuwa gharama. Urefu wake ulitaka bunduki yenye mashine ndefu, na mashine hizo zilikuwa chache na za bei ghali. Mashine za kawaida, zilizopimwa kwa risasi ya .30-06 ya jeshi la Marekani ya mwaka 1906 yenye urefu wa milimita 85, zilikuwa zikitengenezwa kwa maelfu. Baada ya Vita Kuu ya Pili risasi za Kiingereza za kuwindia wanyama wakubwa zikazidi kuwa adimu, na kampuni ya Winchester ya Marekani ikaona mlango umefunguka. Mwaka 1956 ilichukua umbo la ganda la Holland & Holland, ikalikata hadi milimita 63.5, ikalitanua mdomo, na kulitia kichwa kizito cha gramu 32. Hiyo ndiyo .458 Winchester Magnum, iliyoingia katika bunduki ya mashine ya kawaida ambayo hata idara ya serikali iliweza kuinunua. Ilienea upesi Afrika, mikononi mwa wawindaji na askari wa wanyamapori.

Hapa ndipo ufupi ulipodai malipo yake. Ahadi ya kiwandani ilikuwa kwamba kichwa hicho kizito kitatoka kwa mwendo wa mita 650 hivi kwa sekunde, sawa na bunduki kubwa za Kiingereza zenye mitutu miwili. Ili kuitimiza ahadi hiyo katika ganda dogo, baruti ilibidi ishindiliwe kwa nguvu chini ya kichwa. Katika bunduki nyingi mwendo uliopatikana ulikuwa pungufu, na mara nyingine haukufika hata mita 610. Kubaya zaidi, baruti iliyoshindiliwa, ikikaa muda mrefu, iliweza kugandamana kama sukari iliyopata unyevu, na siku ya kupigwa isiungue yote. Risasi ya namna hiyo hulia, na kichwa hutoka, lakini hakina nguvu ya kupenya hadi ndani ya fuvu la tembo. Ganda lile lile lenye nafasi ya kutosha kwa kichwa cha wastani lilikuwa halina nafasi ya kutosha kwa kichwa kizito, na hapakuwa na hesabu ya kiwandani iliyoweza kulificha jambo hilo mbele ya mnyama. Winchester baadaye walibadili baruti, na .458 za siku hizi hazistahili kubeba lawama ya zile za awali.

Mmarekani mmoja aitwaye Jack Lott, ambaye alijeruhiwa na nyati huko Msumbiji mwaka 1959, ndiye aliyelirudisha ganda katika urefu. Mwaka 1971 alitoa risasi yake ya .458 Lott, yenye ganda la milimita 71, karibu sawa na ile .375 ya mwaka 1912. Nafasi ikapatikana, baruti ikapumua, na mwendo ulioahidiwa ukatimia bila kushindilia.

Tumelieleza jambo la .458 kwa kirefu kwa sababu moja. Risasi ambazo leo huitwa magnamu za jadi, kama .338 Winchester Magnum ya mwaka 1958, 7mm Remington Magnum ya mwaka 1962 na .300 Winchester Magnum ya mwaka 1963, nazo zilipotoka zilikuwa ndizo magnamu fupi. Zote ni watoto wa ganda la Holland & Holland lililokatwa ili liingie katika mashine ya kawaida. Vichwa vyao ni vyepesi kuliko kile cha .458, kwa hiyo ukataji haukuwadhuru, wakasifiwa dunia nzima. Wazee wanaozitetea leo kama urithi wanatetea mtindo mpya wa ujana wao.

Ama kuhusu magnamu fupi za karne hii, Remington walikwisha kuzijaribu mwaka 1965 na 1966 bila kupata wanunuzi wa kutosha. Kilichobadili mawazo ni mashindano ya shabaha. Mwaka 1975 Wamarekani wawili, Louis Palmisano na Ferris Pindell, walibuni risasi ndogo ya 6 PPC, fupi na nene, ambayo iliwashinda wenziwe kwa kupiga pale pale risasi baada ya risasi. Wengi waliamini siri yake ni umbo: baruti iliyorundikwa kwa upana mbele ya fataki hushika moto kwa usawa zaidi kuliko ile iliyosimamishwa katika mwanzi mrefu.

Mwaka 2001 Winchester wakatoa .300 Winchester Short Magnum. Ganda lake ni milimita 53 tu, dhidi ya milimita 66.5 za .300 Winchester Magnum, lakini ni nene zaidi, lina bega la mwinamo mkali, na ule mkanda wa zamani haupo. Hebu tulinganishe. Zikipewa kichwa cha uzito mmoja, gramu 11.7, zote mbili hukitoa kwa mwendo wa mita 900 hivi kwa sekunde. Ile fupi hutumia baruti pungufu kidogo. Bunduki yake yaweza kufupishwa na kupunguzwa uzito kidogo, jambo linalomfaa mtu apandaye milima siku nzima. Lakini bunduki nyepesi hupiga teke zaidi begani, kwa hiyo aliyeokoa uzito njiani atalipa wakati wa kupiga.

Walipiga hatua kupita kiasi. Kuanzia mwaka 2003 zikafuata nyingine fupi zaidi, nene kama kizibo, na baadhi yake zilikuwa hazitiririki vizuri kutoka magazini kwenda kwenye mtutu. Unene wenyewe hula nafasi, hata baadhi ya bunduki hizo hubeba risasi mbili tu magazini. Na kichwa kirefu kizito, kwa kuwa magazini ni fupi, hulazimika kuzama ndani ya ganda na kuila nafasi ya baruti: ugonjwa ule ule wa .458 kwa sura nyingine. Nyingi kati ya risasi hizo sasa hazipatikani dukani ila kwa bahati, ingawa .300 na .270 fupi zimebaki.

Mjadala huu wote, kwa kweli, ni wa wanyama wa wastani. Tanzania, kwa mfano, hairuhusu mwindaji kumkabili tembo au nyati kwa bunduki yenye kipenyo kilicho chini ya .375, na Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa starehe tangu mwaka 1977. Kwa hiyo jaribio linalotuhusu sisi zaidi ni lile la mwaka 2007, wakati kampuni za Hornady na Ruger zilipotoa .375 Ruger. Ganda lake ni milimita 65.5, nalo huingia katika mashine ya kawaida. Safari hii mafundi hawakukata tu: waliuondoa mkanda, wakalinenepesha ganda lote hadi likalingana na upana wa mkanda ule, milimita 13.5. Kwa njia hiyo nafasi iliyopotea kwa urefu ilirudi kwa upana, hata ikazidi kidogo ile ya mwaka 1912, na mwendo wa kichwa ukawa sawa au zaidi.

Hata hivyo, mtu atakayeshuka katika mji wa Afrika akiwa na bunduki ya .375, na sanduku lake la risasi limepotea njiani, ana matumaini makubwa zaidi ya kupata zile ndefu zenye mkanda kuliko zile mpya.