Insha za Sekondari: Wajibu wa Raia Huanzia Kwenye Gunia la Alizeti

Kila mwaka Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia huwaalika wanafunzi wa sekondari nchini kushiriki mashindano ya uandishi wa insha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) na ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC). Mbali na hayo, klabu za wapinga rushwa zinazolelewa na TAKUKURU shuleni, pamoja na klabu za kodi za TRA, nazo huwapa wanafunzi nafasi ya kushindana kwa hoja. Mada hubadilika, lakini swali moja hurejea kwa sura nyingi: raia anawajibika vipi kwa nchi yake?

Kwa mwanafunzi wa kidato cha tano au cha sita mkoani Singida, swali hilo halihusu alama pekee. Atimizapo miaka 18 anakuwa mpiga kura na, kama anaishi kijijini, mjumbe halali wa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Insha ni zoezi la mwisho kabla ya kazi yenyewe.

Msingi wa jibu upo katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Ibara ya 25 inahusu wajibu wa kufanya kazi, ya 26 kutii Katiba na sheria, ya 27 kulinda maliasili na mali ya umma na kupiga vita ubadhirifu, na ya 28 ulinzi wa Taifa. Wanafunzi wengi huzitaja ibara hizo, wakaongeza maneno ya uzalendo, wakafunga. Insha ya namna hiyo haina kosa, ila haimwambii msomaji jambo asilolijua. Inayokumbukwa ni ile inayochukua ibara moja na kuifuata hadi mlangoni kwa mwandishi.

Tuchukue alizeti, zao linalofahamika katika halmashauri zote saba za mkoa huu. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2017, ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3 ya bei ya shambani, na wa mazao ya chakula ni asilimia 2. Anayeulipa ni mnunuzi. Mzigo wa alizeti wenye thamani ya shilingi milioni 100, kwa mfano, unaipatia halmashauri shilingi milioni 3. Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yakiondolewa yale yenye matumizi maalumu, kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Katika milioni 3 hizo, 120,000 ni za vikundi vya wanawake, 120,000 za vijana na 60,000 za watu wenye ulemavu.

Sasa mzigo huo ukisafirishwa usiku kwa njia za panya, fedha hizo hazipo. Anayekosa si halmashauri peke yake, bali pia mama aliyekuwa akisubiri mkopo wa kununua mashine ya kukamulia mafuta, na huenda mama huyo ndiye mzazi wa mwandishi. Mwanafunzi aliyeona hesabu hiyo hahitaji kuambiwa kwa nini mnunuzi adai risiti na muuzaji aitoe. Ni hesabu ya darasa la saba, lakini watu wazima wengi hawajawahi kuipiga.

Kuna mada ngumu zaidi. Upande wa Itigi na Manyoni vipo vichaka vizito vinavyojulikana kwa jina la vichaka vya Itigi, uoto wa asili usiopatikana sehemu nyingi duniani, ambao umekuwa ukipungua kwa kufyekwa kwa ajili ya mashamba, kuni na mkaa. Ibara ya 27 inamtaka kila mtu alinde maliasili. Lakini je, mwanafunzi ambaye karo yake ya zamani ililipwa kwa magunia ya mkaa aandike nini? Akikwepa swali hilo, insha yake itakuwa nyepesi. Akilikabili, akaeleza familia inaishi kwa nini na ingeweza kuishi kwa nini kingine, atakuwa ameandika jambo ambalo hata mtunga sera angelisoma kwa faida.

Karo hiyo ni ya zamani kwa sababu ada iliondolewa kuanzia Januari 2016 hadi kidato cha nne, kisha mwaka 2022 kwa kidato cha tano na cha sita.

Wajibu, hata hivyo, hauendi upande mmoja. Ibara ya 18 inampa raia haki ya kupewa taarifa, na ya 21 haki ya kushiriki shughuli za utawala. Mkutano Mkuu wa Kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu, na hapo wananchi husomewa mapato na matumizi. Kuuliza fedha za mradi wa maji zimetumikaje si utovu wa adabu. Ni sehemu ya kupiga vita ubadhirifu ambao Katiba yenyewe imeutaja. Mwandishi anayewahimiza wananchi kuchangia pampu ya kisima bila kuwahimiza kusomewa hesabu za kisima hicho ameandika nusu ya insha.

Wanaotaka kushiriki wasome tangazo la shindano husika kwa makini, hasa mada, lugha, idadi ya maneno na tarehe ya mwisho, kwani masharti hutofautiana. Ufafanuzi hupatikana kwa Mkuu wa Shule au Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri. Takwimu za ushuru na mikopo ziombwe ofisi ya mtendaji wa kata au kijiji, na barua ya utambulisho kutoka shuleni itarahisisha kazi hiyo.