Hati

Hati (kutoka Kiarabu خط, *khatt*, yaani mstari au mwandiko) ni maandishi yanayotunzwa ili yawe ushahidi wa jambo fulani, kama vile umiliki, makubaliano au shtaka. Neno hili liko katika ngeli ya I-/ZI-: hati hii, hati hizi.

Maana zake

Maana ya mwandiko wenyewe bado ipo. Husemwa kwamba Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu kabla ya herufi za Kilatini, na makatibu muhtasi walijifunza hatimkato.

Mitaani maana imekuwa finyu zaidi. Katika kata za Mchafukoge na Kariakoo, Dar es Salaam, dalali akisema "nyumba ina hati" haulizwi ni hati gani. Ni hatimiliki ya ardhi, ambayo siku hizi hutolewa kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 kwa muda usiozidi miaka 99. Barua ya toleo huitangulia hati, lakini si hati yenyewe. Mkataba wa mauziano wenye muhuri wa serikali ya mtaa nao hufungiwa sandukuni kwa heshima ileile, ila unathibitisha mauziano tu. Wapo warithi wanaoigundua tofauti hiyo wakiwa tayari mbele ya afisa mikopo wa benki.

Wengine huita hatimiliki hata haki ya mtunzi juu ya kitabu au wimbo wake. Ni afadhali kutenganisha: hakimiliki ni haki, hatimiliki ni karatasi inayoithibitisha haki.

Kila mwaka magazeti huandika kwamba halmashauri fulani imepata "hati safi" au "hati chafu". Hapo hati ni maoni ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Hati safi haimaanishi kwamba hakuna fedha iliyopotea, bali kwamba vitabu vya hesabu vimeandaliwa inavyotakiwa. Wasomaji wengi huelewa vingine.

Hati inayojulikana zaidi Tanzania ni Hati ya Muungano, iliyotiwa saini na Julius Nyerere na Abeid Amani Karume tarehe 22 Aprili 1964. Mwaka 2014, katika Bunge Maalumu la Katiba, baadhi ya wajumbe walidai kuonyeshwa hati halisi, si nakala, na serikali ikaionyesha hadharani.

Visawe na maneno ya jirani

*Waraka* (wingi *nyaraka*) ndilo neno lililo karibu zaidi. Linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya jani au karatasi. Katika umoja ni barua rasmi ya maelekezo, mfano waraka wa elimu, au barua ya mtume katika Biblia: Waraka kwa Wagalatia. Katika wingi hujumuisha maandishi yote ya ofisi. Kosa la kawaida la wanafunzi, na la watangazaji pia, ni "nyaraka hii". Sahihi ni waraka huu, nyaraka hizi.

*Kumbukumbu*, kutoka kitenzi *kumbuka*, ni maandishi ya shughuli zilizofanyika. Jina la Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, inayofanya kazi kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2002, linaonyesha tofauti: kumbukumbu ni zile ambazo ofisi bado inazitumia, nyaraka ni zile zilizochaguliwa kuhifadhiwa daima.

*Jalada* ni faili, hasa la polisi au mahakama.

*Cheti* kilitoka India, kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi, sawa na *hundi*. Cheti humhusu mtu: cha kuzaliwa, cha ndoa, cha shule.

*Stakabadhi* inatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kushika au kupokea. Madukani Kariakoo imesukumwa pembeni na *risiti*, lakini wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanaijua vizuri kupitia mfumo wa stakabadhi ghalani.

*Daftari* lina safari ndefu kuliko yote: lilitoka Kigiriki, ambako lilimaanisha ngozi ya mnyama iliyoandaliwa, likapitia Kiarabu. Kwa mwenye duka "kuandikwa kwenye daftari" ni kukopa.