Jiko Libaki Nje ya Banda

Kuanzia Juni hadi Agosti, Nairobi ikishapoa, wakazi wengi wa Kileleshwa hufunga fleti zao Ijumaa jioni wakaenda kulala kwenye vyumba vya mbao milimani. Wengine huelekea Nyahururu, kwenye Maporomoko ya Thomson, ambako Mto Ewaso Narok huanguka mita 74 na loji iliyojengwa mwaka 1931 bado hupokea wageni. Wenye miguu ya kupanda huenda Mlima Kenya, wakalala kwenye mabanda ya Met Station, mita 3,050 juu ya usawa wa bahari. Ni safari nzuri, na wagonjwa wangu wakiniuliza, nawaambia waende. Lakini mimi ni daktari wa wagonjwa wa dharura, na kuna jambo siwezi kulinyamazia: jiko la makaa kuingizwa chumbani usiku.

Baridi ya huko ni kali kweli. Kila unapopanda mita 1,000, joto hushuka kwa takriban nyuzi 6.5. Kileleshwa iko zaidi ya mita 1,700, kwa hivyo Met Station huizidi kwa baridi kwa nyuzi nane hivi hata kabla upepo haujavuma. Mbao za banda zina nyufa. Wageni huziba nyufa kwa taulo, kisha mmoja wao hukumbuka lile jiko lililochoma nyama jioni. Makaa yamekolea, hayana moshi. Yatadhuru nini?

Liangalie jiko hilo kwa karibu. Hewa inayoingia chini huunguza makaa na kuwa kaboni dioksidi. Gesi hiyo ikipanda katikati ya makaa mekundu hupokonywa sehemu ya oksijeni yake, ikawa kaboni monoksidi. Ule mwali mdogo wa buluu unaocheza juu ya makaa ndiyo gesi yenyewe ikiungua. Ile isiyowahi kuungua huingia chumbani, haina rangi wala harufu. Ndiyo maana makaa yaliyokolea, yasiyo na moshi, si salama hata kidogo. Jiko lenye udongo ndani hupunguza makaa unayonunua, lakini hutoa gesi hiyo vilevile.

Kwenye damu, gesi hii hung'ang'ania himoglobini kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Mwili nao haushtuki, kwa sababu kinachotufanya tuhisi kukosa pumzi hasa ni kaboni dioksidi kujaa mwilini, na hapa hiyo hutoka kama kawaida. Aliyelala huendelea kulala. Mwandishi Émile Zola alikufa hivyo nyumbani kwake Paris mwaka 1902, kwa moto wa meko ya chumbani iliyokuwa na dohani iliyoziba. Mkewe, aliyelala chumba hicho hicho, aliponea chupuchupu.

Mlimani kuna mtego mwingine. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu ndizo dalili za sumu hii, na ndizo dalili za ugonjwa wa mwinuko. Mpanda mlima huamka na kichwa kizito, akameza dawa ya maumivu na kujifunika tena, huku jiko liko miguuni pake. Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanzia juu ya mita 2,500; Nyahururu iko chini ya hapo, kwa hivyo huko usiulaumu mwinuko. Met Station unaweza kuwa na lolote kati ya hayo mawili, au yote kwa pamoja, maana hewa yenyewe ina oksijeni kidogo. Wote waliolala chumba kimoja wakiumwa, na wa banda la jirani wakiwa wazima, shuku moto kwanza.

Huambiwa mara nyingi, "Daktari, tuliacha dirisha wazi kidogo." Haitoshi. Sufuria ya maji kando ya jiko haisaidii pia, kwa kuwa gesi hii haiyeyuki majini kwa kiasi cha maana. Meko ya ukutani yenye dohani safi ni jambo jingine, mradi usifunge mdomo wa dohani kabla kaa la mwisho halijazimika: moto unaofifia ndio huvuta hewa kwa udhaifu. Muulize mwenye loji dohani ilisafishwa lini, na kama hita ya gesi ya kuogea imewekwa ndani ya bafu. Kisha pasha moto mwili, si chumba: chupa ya mpira yenye maji moto, soksi kavu, kofia, na blanketi moja chini yako kabla ya yale ya juu. Kipo pia king'ora kidogo cha betri cha kaboni monoksidi, kinaingia kwenye begi. Kile cha moshi hakiwezi kazi hiyo.

Mwenzako akilegea, mtoe nje kwanza, maswali baadaye, kisha piga 999 au 112. Usimpe maziwa, hayatoi sumu hii, na asiye na fahamu yanaweza kumpalia. Anachohitaji ni oksijeni. Katika hewa ya kawaida, damu huchukua saa nne au tano kupunguza gesi hiyo kwa nusu. Kwa oksijeni tupu, saa moja na kitu. Mjamzito apelekwe hospitalini hata akisema amepata nafuu, kwa sababu mtoto tumboni huumia zaidi na gesi humtoka polepole kuliko mama. Na mkifika, tangulieni kusema kwamba kulikuwa na jiko chumbani. Kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni hakitofautishi oksijeni na kaboni monoksidi, kinaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mtu anayekufa.