Istilahi za Mashine ya Kupaka Mafuta Njia za Bolingi

Mchezo wa bolingi, yaani ule wa kuvingirisha tufe zito ili kuangusha pini kumi, bado ni mgeni katika nchi zetu. Kumbi zake zimo katika miji michache mikubwa kama Nairobi. Hata hivyo mashine zake huja na vitabu vya maelezo, na vitabu hivyo hapana budi vieleweke kwa fundi ambaye Kiingereza si lugha yake. Hapa tutaitazama mashine moja tu: ile inayosafisha njia ya kuchezea na kuipaka mafuta.

Tatizo la kwanza limo katika jina. Watengenezaji huyaita mafuta hayo kondishena, na mfasiri mwenye haraka akifungua kamusi atatoka na kiyoyozi. Kiyoyozi hupoza hewa. Hakina uhusiano wowote na mbao za sakafu. Mwingine atapendekeza kilainishi, neno linalokaribia lakini linalopotosha, kwani mafuta hayatiwi ili tufe liteleze tu. Njia ina urefu wa mita 18.29 kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya kwanza, na upana wa mita 1.05 hivi. Mara nyingi mafuta huwa mengi katikati kuliko kandoni, na sehemu iliyo karibu na pini huachwa kavu. Penye mafuta tufe huteleza; penye ukavu hushika sakafu na kupinda. Mchezaji hodari huyategemea mafuta hayo kama nahodha ategemeavyo mkondo wa maji. Aidha, mafuta hukinga mbao zisichubuliwe. Kwa kuwa kazi zake ni zaidi ya moja, ni afadhali kusema "mafuta ya njia" na kuliacha neno wazi.

Kwa sehemu zinazozunguka, tusiende mbali kutafuta maneno. Mwalimu wa Zagayu, mkoani Simiyu, huenda hajaona ukumbi wa bolingi, lakini anaishi katika nchi ya pamba. Kinu cha kuchambulia pamba cha aina iliyobuniwa na Fones McCarthy wa Marekani mwaka 1840 kina rola iliyovikwa ngozi, ambayo hushika nyuzi na kuzivuta huku kisu kikizuia mbegu. Mashine yetu nayo ina rola, ila hii hupokea mafuta na kuyapitisha kwenye burashi ndefu inayoyatandaza sakafuni. Basi na iitwe "rola ya kupitishia mafuta". Kuna watakaopenda "mche duara", lakini hilo ni jina la umbo katika somo la hesabu, nalo halimwambii fundi sehemu hiyo inafanya nini.

Burashi inataka uangalifu. "Burashi ya kupakia" ingefuata sarufi, lakini msomaji atafikiri juu ya kupakia mizigo. "Burashi ya kupakaza" ni bora, ijapokuwa kupakaza hutumika pia kwa kumsingizia mtu. Sidhani kama kuna fundi atakayechanganya.

Penye hatari hasa ni matangi, na hapa ufupi wa maneno ni hasara. Mashine huwa na tangi la dawa ya kusafishia, tangi la mafuta, na tangi la maji machafu yanayofyonzwa kutoka sakafuni. Kibandiko kinachosema "tangi la kwanza" na "tangi la pili" hakimsaidii mtu. Dawa ya kusafishia ikimiminwa katika tangi la mafuta, mashine itapaka njiani kitu kile kile kilichotengenezwa kuondoa mafuta, na pampu itahitaji kufunguliwa na kuoshwa. Kwa hiyo majina hayo matatu yaandikwe kwa ukamilifu, hata kama kibandiko kitakuwa kirefu.

Pampu na mota zimekwisha kuzoeleka. Limebaki bapa la mpira linalokokota maji kuelekea kwenye kifyonzaji. Lugha yetu ina kitenzi kukomba, kama akombaye mabaki ya chakula chunguni, nacho chafaa kabisa: "mpira wa kukomba maji".