Programu Nayo Ionyeshe Njia: Maelezo ya Hatua katika Zana za Kufundishia Sarufi

Utangulizi

Mwalimu wa hisabati haridhiki na jibu peke yake. Humtaka mwanafunzi aonyeshe njia. Sisi walimu wa lugha tunapotumia kompyuta kusahihisha mazoezi, mara nyingi tunasahau kuidai kompyuta jambo hilohilo. Katika makala haya tunaeleza jinsi tulivyoiwezesha programu yetu ndogo ya sarufi kutoa maelezo ya kila hatua inayopitia, pale tu inapotakiwa kufanya hivyo. Tunaeleza pia kosa lililotufundisha umuhimu wa jambo hili.

Tatizo lilivyojitokeza

Programu hiyo tuliiandika kwa lugha ya Python kwa ajili ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mwanafunzi hupewa kitenzi, hukitenganisha katika mofimu, kisha programu hulinganisha jibu lake na uchanganuzi wake yenyewe na kujibu "Sahihi" au "Si sahihi". Kabla ya kuipeleka darasani tuliijaribu kwa vitenzi kama alikiona, walikisoma na anavipenda. Vyote vilitoka vizuri, nasi tukaridhika.

Baada ya majuma machache mwanafunzi mmoja alituletea daftari lake. Kitenzi walikimbia alikuwa amekitenganisha hivi: wa-li-kimbi-a. Programu ilimwambia si sahihi. Alijaribu tena na tena kwa njia mbalimbali, hadi alipoandika wa-li-ki-mbi-a, ndipo mashine ikamkubalia. Basi akakariri kwamba "ki" katika kitenzi kile ni kiambishi yambwa. Alichotaka kutuuliza ni kitu kimoja tu: "mbia" maana yake nini?

Ifahamike kwamba wengi wa wanafunzi wetu hapa Uganda hawakulelewa katika Kiswahili. Mzawa wa Mombasa au Unguja akiambiwa na mashine kwamba amekosea, huenda akaicheka. Mwanafunzi wetu huiamini. Kwa hiyo programu yetu haikuwa imekosea alama tu. Ilikuwa inafundisha uongo.

Tulibishana siku mbili juu ya chanzo cha hitilafu hiyo. Mmoja wetu alidhani orodha ya viambishi vya njeo ilikuwa na kasoro. Mwingine alidhani wanafunzi waliacha nafasi kati ya herufi. Hatukuwa na ushahidi, maana programu ilitoa hukumu bila kutoa sababu.

Neno kuhusu istilahi

Kwa Kiingereza kosa la programu huitwa "mdudu". Wengi huhusisha jina hilo na nondo aliyekutwa tarehe 9 Septemba 1947 ndani ya kompyuta ya Harvard Mark II huko Marekani, akabandikwa kwenye daftari la kumbukumbu za kazi. Lakini matumizi hayo ya neno ni ya zamani zaidi. Thomas Edison aliyatumia katika barua yake ya mwaka 1878. Sisi tunatumia neno hitilafu, na maandishi ambayo programu huyatoa ili kusaidia kuisaka hitilafu tunayaita maelezo ya hatua.

Maelezo ya hatua yakoje?

Tuliiagiza programu iandike mstari mmoja kila inapokata kipande cha neno: imekata nini na kimebaki nini. Kwa kitenzi walikimbia ilitoa haya:

[1] neno: walikimbia
[2] nafsi: wa | baki: likimbia
[3] njeo: li | baki: kimbia
[4] yambwa: ki | baki: mbia
[5] kiishio: a | mzizi: mbi

Ubishi wa siku mbili ukaisha kwa dakika moja. Katika hatua ya 4 programu iliona "ki", ikaikuta katika orodha ya viambishi yambwa, ikaikata papo hapo bila kujiuliza kama kilichobaki ni mzizi wa Kiswahili. Tulipojaribu alikumbuka tukapata a-li-ku-mbuk-a, na alimaliza ikawa a-li-m-aliz-a. Vitenzi tulivyovitumia mwanzoni vyote vilikuwa na yambwa ya kweli, ndiyo maana hatukuiona kasoro hiyo.

Kwa nini yawe ya hiari?

Kwanza tulifanya haraka, tukaacha maelezo yatoke wakati wote. Matokeo yakawa mabaya. Wanafunzi waliona uchanganuzi mzima kabla ya kujibu, na faili ya alama ikajaa mistari ya hatua kiasi kwamba jedwali letu la alama halikuweza kuisoma. Tukajifunza mambo mawili.

La kwanza, maelezo yawe na swichi. Programu ikianzishwa kwa kawaida inyamaze. Mwalimu akiongeza neno --fafanua mwishoni mwa amri, ieleze. La pili, maelezo yapite njia yake. Programu huwa na mikondo miwili ya kutolea maandishi: mmoja wa matokeo na mwingine wa makosa na taarifa. Maelezo yakipelekwa katika mkondo wa pili, faili ya alama inayotokana na mkondo wa kwanza hubaki safi. Yote haya yanahitaji mistari michache tu:

import sys
FAFANUA = "--fafanua" in sys.argv

def eleza(ujumbe):
    if FAFANUA:
        print(ujumbe, file=sys.stderr)

Baada ya hapo, popote panapohitaji maelezo tunaandika eleza(...) na ujumbe wetu ndani ya mabano. Hakuna haja ya kuifuta mistari hiyo hitilafu ikishapatikana. Swichi ikizimwa, maelezo hayatoki.

Kwa programu kubwa zaidi, tangu toleo 2.3 la mwaka 2003 Python ina moduli iitwayo logging, yenye ngazi tano za uzito zilizopewa namba 10, 20, 30, 40 na 50. Ngazi ya 10 ni ya maelezo ya hatua, na ya 50 ni ya hatari kubwa. Usipobadilisha kitu, huonyeshwa kuanzia ngazi ya 30, yaani maonyo.

Tahadhari mbili. Ujumbe utaje thamani yenyewe, kama "baki: mbia", ujumbe wa "tumefika hapa" hausaidii. Aidha, majina ya wanafunzi na maneno ya siri yasiandikwe humo, kwani maelezo hayo husomwa na watu wengi.

Marekebisho na hitimisho

Sasa programu hujaribu njia zote mbili, ya kukata yambwa na ya kutoikata, na hukubali ile tu inayofika kwenye mzizi uliomo katika orodha. Kitenzi walimwaga hupata majibu mawili, wa-li-mwag-a na wa-li-mw-ag-a, kwa kuwa yumkini walimwaga maji au walimuaga mgeni. Yote mawili ni sahihi; muktadha ndio utakaoamua.

Mazoezi yaliyokwisha kusahihishwa tuliyapitia upya na kurekebisha alama. Yule mwanafunzi tulimweleza wazi kwamba jibu lake la kwanza ndilo lililokuwa sahihi. Tangu wakati huo, kila mwanafunzi anaruhusiwa kutumia --fafanua mara tu anapokabidhi kazi yake, ili aweze kuihoji mashine kama anavyomhoji mwalimu. Tunawashauri walimu wenzetu wanaotunga au kutumia zana za aina hii waulize swali hilo mapema: je, programu hii ikikosea, itaweza kutuonyesha ilipokosea?